Ziada na Dhima Yake Katika Programu Huria

Mhadhara kwa vijana wa kompyuta na watumishi wa afya, Mpanda, Mkoa wa Katavi



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la waandishi wa programu peke yao, nao aghalabu hulijadili kwa istilahi zao wenyewe. Lakini maadamu gharama yake huishia mezani kwa muuguzi wa zahanati na katika bando la simu la mratibu wa takwimu wa halmashauri, naliona kuwa ni jambo la watu wote. Jambo lenyewe ni unene wa programu huria: jinsi msimbo wa kompyuta ulioanza ukiwa mwepesi, wenye kazi moja iliyo wazi, unavyoongezwa kipengele juu ya kipengele, kila kimoja kikiitwa cha hiari, hata mwishowe hapana mtu aujuaye wote, na hapana athubutuye kuupunguza.

Kwa wale ambao fani hii si yao, niseme kwa ufupi kwamba programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa upya pasipo kuomba idhini kila mara. Uhuru huu ni neema kubwa, na Afrika ya Mashariki imeifaidi kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa ulituwezesha kujenga mifumo ya hospitali na ya takwimu za afya bila ya kulipa ada ya leseni kwa kila kompyuta. Lakini kila neema ina mtihani wake. Katika kampuni ya biashara yuko mhasibu mwenye kuuliza kipengele hiki kitamlipa nani na kwa muda gani, naye hukataa mengi, mengine kwa busara na mengine kwa ubahili. Katika mradi huria mlango u wazi, kila apitaye aweza kuleta zawadi yake, na ni vigumu sana kumkatalia mtu zawadi aliyoiandika kwa usiku wake mwenyewe na kuileta bure.

Hapo ndipo penye asili ya tatizo. Mtoaji hutoa mara moja. Mpokeaji hutunza daima. Kijana wa Nairobi au wa Oslo aandikaye mistari 500 ya msimbo kwa ajili ya haja ya mradi mmoja wa wafadhili, mradi huo ukiisha, yeye huenda zake kwenye ajira nyingine, ilhali mistari ile 500 inabaki katika programu, ikisafiri na kila toleo jipya, ikitafsiriwa, ikijaribiwa, ikirekebishwa kila msingi unapobadilika, na kuwapa kazi watu ambao hawakumwona wala hawakuiomba. Ninyi wa Mpanda mnao mfano wake mbele ya macho yenu. Tawi la reli litokalo Kaliua kuja hapa lilijengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mgodi ule haukudumu, lakini reli ikabaki, na mpaka leo inahitaji mataruma, madaraja na wafanyakazi wa kuitazama. Reli ile ilipata bahati, kwa sababu abiria na mahindi na mpunga viliirithi kazi ya madini, ikawa haibebi aibu ya kutunzwa bure. Vipengele vingi vya programu havipati mrithi wa namna hiyo: mgodi wake umefungwa, wala hapana abiria, na bado kuna mtu alipaye gharama za mataruma.

Huenda mtu akasema: kuna taabu gani, maadamu kipengele ni cha hiari, asiyekitaka si atakiacha? Neno hili lina sura ya haki, lakini halistahimili hesabu. Programu yenye vipengele 10 vya hiari, ambavyo kila kimoja chaweza kuwashwa au kuzimwa, ina sura 1,024 mbalimbali za kuwapo. Yenye vipengele 20 ina sura 1,048,576. Hapana timu duniani yenye uwezo wa kuzijaribu sura zote hizo, kwa hiyo hujaribu chache zilizo mashuhuri na kuziombea dua zilizobaki. Mtumiaji wa Wilaya ya Mlele aliyewasha vitu vitatu na kuzima vinne aweza kuwa ndiye mtu wa kwanza kuiendesha programu ile katika sura ile, na hitilafu imfikayo haijawahi kuonwa na mtu mwingine yeyote. Akiomba msaada, huambiwa kwa adabu kwamba kwao inafanya kazi vizuri.

Fauka ya hayo, kipengele ambacho hapana akitumiaye kinaweza kuwa mlango wa adui. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 ulimwengu uligutushwa na dosari iliyopewa jina la Heartbleed, katika programu huria iitwayo OpenSSL, ambayo sehemu kubwa ya tovuti za dunia huitumia kufunga siri za mawasiliano. Dosari hiyo haikuwa katika kazi ya msingi ya kufunga siri. Ilikuwa katika kipengele cha pembeni, kilichoingizwa katika toleo la mwaka 2012, ambacho kiliiwezesha kompyuta moja kuiuliza nyingine kama bado i hai kwa kuitumia maneno machache na kuitajia urefu wake, ili irudishiwe maneno yale yale. Msimbo haukuhakikisha kwamba urefu uliotajwa ni wa kweli, kwa hiyo mwenye hila aliyetuma herufi moja na kudai kwamba ametuma maelfu alirudishiwa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, na ndani yake mlikuwa na nywila na funguo za watu. Tovuti nyingi hazikuwa na haja yoyote ya kipengele hicho. Lakini kilikuja kikiwa kimewashwa, na asiyekitaka alipaswa kujua kwanza kwamba kipo. Wiki ile ya kwanza baada ya wanachama wa mradi wa OpenBSD kuuchukua msimbo wa OpenSSL na kuanzisha tawi lao la LibreSSL, waliondoa takriban mistari 90,000, mingi ikiwa ni ya kuhudumia mashine na mifumo ya zamani, na programu ikaendelea na kazi yake kama desturi.

Somo hilo halikutosha. Desemba mwaka 2021 ikafuata Log4j, maktaba ndogo ambayo programu za Java huitumia kuandikia kumbukumbu za matukio yake. Mwaka 2013 iliongezwa uwezo ambao wachache mno waliuhitaji: kwamba ikiona ibara fulani ndani ya maneno inayoandika, iende ikatafute maelezo ya ibara hiyo katika seva nyingine. Uwezo huo nao ulikuja ukiwa umewashwa, ukakaa miaka minane, hata ikagundulika kwamba mgeni yeyote akituma mstari mmoja wa maneno aweza kuitawala seva nzima. Na kwa kuwa OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, na DHIS2, ya takwimu za afya, mifumo miwili ambayo afya ya Afrika ya Mashariki imeiegemea, yote imeandikwa kwa Java, walezi wa seva zetu nao walikuwa miongoni mwa waliopaswa kukagua mifumo yao kwa haraka katika siku zile za mwisho wa mwaka.

Sasa tuitazame mifumo hiyo miwili, kwa kuwa ndani yake mna funzo la ubaya na funzo la wema.

Mwanzoni mwa mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa kompyuta wa kuandika habari za wagonjwa. Ulikuwa mdogo, na uliwafaa. Lakini maradhi ya Ukimwi yalipoleta maelfu ya wagonjwa wa kufuatiliwa kwa miaka mingi, mfumo ule haukuweza kuchukua mzigo huo. Mwaka 2004 madaktari wawili, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakafika Eldoret, na katika safari hiyo likazaliwa wazo la OpenMRS, ambao ulianza kutumika huko mwaka 2006, kisha ukaenea Rwanda, Uganda na kwingineko. Waliona mapema kwamba hospitali ya Eldoret haina haja zile zile za hospitali ya Rwinkwavu nchini Rwanda, na kwamba wakijaribu kuziridhisha zote ndani ya msimbo mmoja, msimbo huo utawaangusha wote. Tadbiri yao ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, maswali ya daktari, majina ya maradhi na ya dawa waliyatoa katika msimbo wakayaweka katika kamusi ya dhana iliyo ndani ya hazina ya takwimu, hata kituo kitakacho kuuliza swali jipya kisihitaji mwandishi wa programu. Pili, haja za pekee waliziweka katika moduli, yaani vipande vinavyokaa nje ya kiini, ambavyo kila nchi huchagua na kupachika kadiri ya mahitaji yake. Hawakuishia hapo: lilipotoka toleo la pili la jukwaa lao, mwaka 2016, hata sura ile ya zamani ya skrini, ambayo watumiaji waliizoea tangu mwanzo, waliing'oa katika kiini na kuifanya moduli kama nyingine, aitakaye aipachike, asiyeitaka asiibebe. Kukataa jambo jipya ni rahisi kidogo. Kuling'oa la kale, lililozoeleka, bila ya kumdhulumu alitumiaye, ndiko ufundi ulikojificha.

DHIS2, ambayo huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na chanzo chake ni kazi iliyoanza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, ilipita njia iliyo karibu na hiyo. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata mwaka 2013. Wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoona kwamba wizara inataka kadi alama ya kuonyesha kwa rangi ni wilaya ipi inafanya vizuri na ipi inazorota, waliiandika kama programu-tumizi inayopachikwa juu ya DHIS2, nje ya kiini chake. Nchi isiyotaka kadi alama haiibebi, na itakayo huichukua. Naliona jambo hilo kuwa la fahari kuliko lau wangelazimisha wazo lao liingizwe katika kila seva ya dunia.

Lakini hapa nataka mnisikilize kwa makini, hasa ninyi watumishi wa afya, kwa sababu unene una tabia moja ambayo wahandisi hupenda kuisahau: ukifukuzwa katika msimbo, huhamia kwingine. DHIS2 ilipomwezesha mtawala wa mfumo kuongeza swali jipya kwa kubofya, pasipo msimbo wowote, iliondoa gharama kwa mwandishi wa programu, na pia ikaondoa kizuizi. Zamani mradi uliotaka takwimu mpya ulipaswa kumshawishi mtu aketi na kuandika; siku hizi unaongeza safu katika fomu, na safu ikishaingia, haitoki. Mnaifahamu MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kuliko niifahamuvyo mimi: Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 8 cha uzazi wa mpango, cha 12 cha wanaojifungua, na vinginevyo, kisha taarifa za kujumlishwa kila mwisho wa mwezi. Katika zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili, mtu yule yule apimaye, atoaye dawa na azalishaye ndiye ajazaye safu hizo. Na safu aliyoiongeza mtu wa mjini kwa dakika moja humdai yeye wakati wake kila siku ya kazi. Kompyuta ya makao makuu haioni uzito wa safu moja. Mkono wa muuguzi wa kijiji cha Karema, ambaye foleni ya akina mama inamngoja, unauona.

Wala uzito huo hauko katika mkono tu. Kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi vya mkoa viko mbali na mnara wa simu kiasi cha kumfanya mtu apande mlima ili atume ujumbe. Ukurasa ambao mjini Oslo hufunguka mara moja, huku hutafuna bando na subira pamoja. Toleo jipya ambalo kwa mwandishi wake ni furaha, kwa mwenye kompyuta kuukuu ni sababu ya kununua nyingine. Programu inenepapo, wa kwanza kuachwa nje ni yule aliye mwisho wa njia. Kwa hiyo wepesi wa programu ni suala la insafu kabla ya kuwa suala la ufundi.

Nisipokuwa na hadhari, hata hivyo, nitakuwa nimewafundisha ubahili na kuuita busara. Iko hoja nzito upande wa pili, na haki yake ni kuelezwa yote. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. Kwa mwandishi wa programu wa Ulaya, Kiswahili kilikuwa nini ila kipengele cha hiari? Hakukihitaji, hakukijua, na watumiaji wake wengi hawakukiomba. Lau kanuni ingekuwa kwamba kila asichokihitaji mwenye mradi kikataliwe, lugha yetu isingeingia humo, wala ya Wagiriki, wala ya mtu mwingine yeyote mbali na waliokuwapo mezani siku ya kwanza. Kijana asiyeona husomewa skrini yake kwa sauti kwa sababu mtu mmoja aliongeza kipengele ambacho wenye macho hawakitumii. Kwa hiyo wingi wa vipengele hautoshi kuwa kosa, na uchache hautoshi kuwa sifa. La kuulizwa ni nani abebaye mzigo wa kila kimoja. Kiswahili kiliweza kuingia kwa amani kwa sababu tafsiri hukaa katika mafaili yake, mbali na msimbo utendao kazi. Anayetumia Kijerumani hakupunguziwa kitu. Na kinyume chake, kila menyu mpya isiyo na haja ni maneno mapya ambayo mtafsiri wa Kiswahili, afanyaye kazi bila ya ujira, lazima ayatafutie istilahi. Akichoka, programu hubaki nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Unene wa kiini ndio unaoiua hiari iliyo njema.

Kutokana na hayo naona masharti manne yawezayo kukipa kipengele haki ya kuitwa cha hiari. La kwanza, kikae nje ya kiini, hata kikiondolewa kiini kisihisi. La pili, kije kikiwa kimezimwa, na aombaye ndiye akiwashe. Desturi hii imekuwa ikihimizwa kwa muda mrefu katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho kilitoka na mistari kama 10,000 mwaka 1991, sasa kinazidi milioni 30, na bado hufaa katika simu ndogo na katika mashine kubwa, kwa kuwa kila mtu hujenga sehemu aitakayo na kuacha iliyobaki. La tatu, kiwe na mwenyewe ajulikanaye, mtu au taasisi iliyokubali kukitunza, na si jina lililoandikwa katika faili kisha likaenda zake. La nne, ambalo ndilo gumu, kiwe na siku ya kukaguliwa, na ikidhihirika kwamba hapana akitumiaye, kitolewe kwa taratibu: watu watangaziwe, wapewe muda na njia mbadala, kisha kiondoke. Linus Torvalds aliianza Linux juu ya kompyuta yenye kichakata cha aina ya 386; mwishoni mwa mwaka 2012 msaada wa kichakata hicho uliondolewa katika Linux, na matoleo ya zamani yakabaki kwa waliokuwa bado nacho. Yule aliyezaliwa katika nyumba ile hakuona haya kuibomoa ilipokwisha kazi yake.

Sasa ninawageukia vijana. Wengi wenu mnadhani kwamba ili mtu ajulikane katika miradi huria sharti alete kipengele kipya, kikubwa na chenye kumeremeta. Tazameni walivyofanya watu wa LibreOffice, mradi uliotokana na OpenOffice mwaka 2010. Walirithi msimbo wa miaka mingi uliozaliwa katika kampuni moja ya Ujerumani, umejaa maelezo ya Kijerumani na vifungu vya msimbo ambavyo hapana mahali popote panapoviita. Waliorodhesha kazi ndogo ndogo za kusafisha, wakawakabidhi wageni: futa kifungu hiki kisichotumika, tafsiri maelezo yale. Wengi waliingia kwa mlango huo, wakajifunza msimbo kwa kuupunguza. Kijana wa Mpanda mwenye kompyuta moja kuukuu na mtandao wa mashaka ana ujuzi ambao mhandisi wa Oslo au Indiana hana: yeye anajua programu inavyokwama ikiwa mtandao ni dhaifu, ni kitufe gani hapana akibonyezaye, na ni ukurasa upi humaliza bando. Taarifa safi yenye kueleza jambo hilo, iliyoandikwa kwa utaratibu na kutumwa kwa walezi wa mradi, ni mchango halali kama msimbo, na mara nyingine ni bora zaidi.

Nanyi viongozi wa halmashauri na wasimamizi wa miradi, ombi langu kwenu ni moja. Kila mnapotaka safu mpya katika fomu, moduli mpya katika mfumo, au programu-tumizi nyingine katika simu ya mhudumu, tajeni kwanza ni ipi mtakayoiondoa, na mtajeni mtu atakayeitunza hiyo mpya wafadhili wakiondoka. Pasipo majibu ya maswali hayo mawili, jambo hilo lisubiri. Kuongeza ni haki ya kila mtu katika programu huria. Kupunguza ni wajibu, na wajibu huo umeachwa kwa wageni kwa muda mrefu mno. Uchukueni.